Kiti Ndicho Kishuke, Si Mimi Niiname

Wasee, kabla mniite adui wa historia, nisikizeni kwanza.

Miezi kadhaa iliyopita nilienda maonyesho ya magari ya zamani hapa Nairobi. Kulikuwa na Peugeot 504, Datsun 160J, Volkswagen za kila rangi. Halafu kwa kona, chini ya mti, nikaona Ford Mustang ya 1966. Nyekundu. Usukani upande wa kushoto vile tu ilitoka Marekani. Boneti ndefu, mkia mfupi, na ndani yake injini ya V8. Nilisimama hapo nikisahau hata nilikuja na nani.

Mwenye gari, mzee mmoja mpole sana, akaniona nikimeza mate. "Kijana, ingia uketi. Haiumi."

Nikaingia. Na manze, iliuma.

Mimi ni futi 6 na inchi 4, yaani kama sentimita 193. Nimezoea kuitwa twiga tangu darasa la nne na nimezoea kukaa kwa matatu magoti yakiwa karibu na masikio. Lakini hii ilikuwa kiwango kingine. Goti la kushoto liliingia chini ya usukani likakwama. Nywele zikagusa dari. Macho yangu yalikuwa sawa na ukingo wa juu wa kioo cha mbele, kwa hivyo ili nione mbele ilibidi niiname kama mtu anachungulia dirisha la kibanda cha M-Pesa. Na kiti chenyewe, mgongo wake uliishia chini ya mabega yangu. Nyuma ya shingo hakukuwa na kitu. Hewa tu.

Mzee akacheka, halafu akanyamaza. "Hata kijana yangu hatoshei," akasema. "Ni mrefu kama wewe. Aliiendesha mara mbili akaniambia baba, mgongo umekataa. Sasa sijui nitamwachia nani."

Nikamuuliza, "Lakini mzee, si ubadilishe kiti?"

Akaniangalia kama nimetusi mama yake. "Kiti cha 1966? Hapana. Hiyo ni kuua gari."

Sikubishana naye. Ni mzee, na gari ni yake. Lakini nimebeba hiyo jibu tangu siku hiyo, na leo naitua hapa. Kubadilisha kiti si kuua gari. Kinachoua gari ni kukosa mtu wa kuiendesha.

Tuanze na swali ambalo watu hupenda kurukia: shida ni nani, mimi au gari? Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, na ilijengwa juu ya mifupa ya gari ya kawaida ya Ford inayoitwa Falcon. Ilikuwa ya vijana, bei rahisi, ikaanzia dola 2,368. Paa lake liko kama sentimita 130 tu kutoka chini. Na mwanaume wa kawaida Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa futi 5 na inchi 8 hivi. Wahandisi wa magari huwa hawabuni kwa kila mtu. Kawaida huanzia kwa mwanamke mfupi na kuishia kwa mwanaume mrefu kuliko wenzake 95 kati ya 100. Hao watano waliobaki? Watajijua. Basi sisi ndio hao watano. Hatukusahauliwa kwa bahati mbaya. Mtu alichora mstari na sisi tukabaki nje yake.

Kwa hivyo mtu akiniambia "hii gari haikutengenezewa watu kama wewe," namjibu: ni kweli, na hiyo ndio sababu ya kuirekebisha. Suruali ikiwa fupi hatukati mguu.

Najua kuna wale watasema Mustang si gari ya misuli halisi, kwamba gari ya misuli ni kama Pontiac GTO ya 1964, gari ya familia iliyowekewa injini ya lita 6.4, na Mustang ni farasi mdogo tu. Sawa, mmeshinda. Lakini ukiweka V8 ndani na goti langu chini ya usukani, hiyo tofauti siisikii. Mengi ninayosema hapa yanaenda kwa GTO, kwa Camaro, kwa Charger, na hata kwa hiyo Datsun ya mjomba wako.

Sasa kuna sentensi moja nimeichoka: "Vumilia, hiyo ndio raha ya gari ya zamani." Tumelelewa na mvumilivu hula mbivu, na mimi naiheshimu. Lakini hakuna mbivu inaiva ndani ya mgongo uliopinda. Na zaidi ya mgongo, kuna jambo ambalo watu wa "isiguswe" hawapendi kuliongelea: shingo.

Kumbuka nilisema kiti kiliishia chini ya mabega. Marekani ilianza kulazimisha viegemeo vya kichwa kwa viti vya mbele vya magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1969. Mustang ya 1966 haina. Ukigongwa kutoka nyuma, hata na matatu iliyokuwa inatambaa kwa foleni, kiti kinasukuma mgongo wako mbele na kichwa kinabaki nyuma. Mtu mfupi angalau kiti kinamshika mahali juu kidogo. Mtu mrefu shingo yake inageuka bawaba ya mlango.

Na si hayo tu. Mikanda ya hizo gari ilikuwa ya kiunoni peke yake, kama ya ndege. Nguzo ya usukani ilikuwa chuma kigumu kisichojikunja, na kimeelekezwa kifuani. Sheria ya Marekani ya kutaka nguzo inayokubali kuporomoka ikigongwa ilianza Januari 1968. Kwa hivyo mtu akisema kiti cha kwanza ndicho kitakatifu, aseme pia kwamba shingo ya mwanawe ni sadaka.

Sasa, mimi siongei tu kupiga domo. Nimekaa na fundi wa viti, nikakaa na fundi wa kuchomelea, na nimesoma vile wenye Mustang warefu huko Marekani hufanya. Kuna mpangilio, na mpangilio ndio muhimu. Kosa la watu wengi ni kuanza na grinda. Anza na spana.

Kwanza kabisa, jipime. Keti ndani ya gari ukiwa umenyooka, si vile unakaa ukiangalia simu. Weka ngumi juu ya kichwa. Ikiwa ngumi haipiti kati ya kichwa na dari, uko juu sana. Halafu pima kutoka dari hadi kitakoni, na uone unahitaji kushuka inchi ngapi. Fundi ukimwambia "nishushe kidogo" atakushusha kidogo yake, si yako.

Pili, sponji. Hapa ndipo watu hupoteza bila kujua. Kiti cha zamani kina springi, juu yake sponji, juu yake ngozi. Mtu akifanyia gari ukarabati anaweka sponji mpya, nene, tamu, halafu anashangaa kwa nini gari imekuwa fupi. Gari haijakuwa fupi, buda, ni wewe umeinuliwa. Fundi mzuri wa viti anaweza kupunguza sponji ya kukalia, akaacha ngumu kidogo, na akajaza vizuri chini ya mapaja ambapo mtu mrefu huwa hana kitu. Hakuna chuma kimeguswa, na sura ya kiti inabaki ile ile ya 1966. Hata yule mzee hangejua.

Tatu, reli. Kiti kinateleza mbele na nyuma juu ya reli mbili, na kuna mahali kinagota. Kuna vipande vya chuma vinavyouzwa tayari kwa hizi Mustang, vinafungwa kati ya reli na sakafu, na kiti kinarudi nyuma inchi kadhaa zaidi. Matundu ya kwanza hayaharibiki. Gharama yake ni kwamba abiria wa nyuma atakosa mahali pa kuweka miguu. Lakini tuseme ukweli, kiti cha nyuma cha Mustang kilikuwa cha kuweka mkoba na matumaini tangu mwanzo.

Nne, mwinamo. Hii ndio ilinishangaza zaidi kwa urahisi wake. Ukiinua mbele ya kiti kidogo kwa washa nene na ukashusha nyuma, makalio yanazama, mapaja yanapata mahali pa kulala, na kichwa kinatoka kwa dari. Unakaa ndani ya gari badala ya kukaa juu yake. Lakini usitumie bolti za kuokota kwa kibuyu cha fundi. Kiti ndicho kinakushikilia kukiwa na ajali. Tumia bolti ngumu za kazi hiyo, na chini ya sakafu weka bamba pana ili bolti isipasue bati ikivutwa.

Tano, usukani. Usukani wa hizi gari ni mkubwa kama sinia ya pilau, kama inchi 16. Ukiweka wa inchi 14, paja linapata nafasi, na ule wa zamani unaufunga kwa blanketi unaweka stoo. Ila ujue, kama gari haina msaada wa kugeuza, usukani mdogo utakuwa mzito wakati wa kuegesha, kwa sababu umepunguza nguvu ya mkono wako. Kuna pia nguzo za usukani zinazoinama juu na chini. General Motors walianza kuuza hizo mwaka wa 1963, na Ford wenyewe waliweka usukani unaosogea kwa Mustang za 1967 kwa mteja aliyetaka kulipa zaidi. Umeskia hapo? Kiwanda chenyewe kilikubali kwamba watu hawatoshei. Ukiweka nguzo ya kisasa, hakikisha ni ile inayojikunja ikigongwa. Hapo unapata starehe na kifua chako kwa mpigo mmoja.

Sita, kiti kingine. Hapa ndipo mimi na mzee tunaachana kabisa. Kama kiti cha zamani hakiwezi kukupa kiegemeo cha kichwa, tafuta kiti cha chini chenye mgongo mrefu, ukishone kwa ngozi ya rangi ile ile na mistari ile ile. Ukikitafuta, kimbia kiti cha umeme. Zile mota ziko chini ya kiti na zitakuinua tena, urudi pale ulianzia. Na kiegemeo kifike karibu na utosi, si kwa shingo. Kikiishia kwa shingo hakikulindi vizuri.

Pamoja na hicho kiti, weka mkanda wa kupita begani. Na hapa watu warefu mnisikize mara mbili: mahali mkanda umefungwa nyuma panafaa kuwa sawa na bega lako au juu yake. Ukifungwa chini, kwa sakafu nyuma ya kiti, siku ya ajali utavuta mabega yako chini na kuubana uti wa mgongo. Nimeona picha za vijana wamefunga mikanda ya mashindano kwa sakafu na wanajiona madereva wa Safari Rally. Hiyo si mkanda, ni mtego.

Sasa tufike kwa grinda. Chini ya kiti cha Mustang kuna kama meza ya chuma iliyochomelewa kwa sakafu, na kiti kinakaa juu yake. Ukijaribu yote hayo na kichwa bado kinabusu dari, hiyo meza inaweza kukatwa na kushushwa. Najua wengine mmeshika kifua. Lakini sikizeni. Iko chini ya kiti, haionekani. Vipande vyake vinatengenezwa upya hadi leo, kwa hivyo mtu akitaka kurudisha anaweza. Cha muhimu ni afanye mtu anayejua kuchomelea bodi ya gari, kwa sababu Mustang haina fremu ya chini kama lori. Sakafu yenyewe ndiyo mifupa. Ukikata bila kurudisha nguvu, umeidhoofisha gari mahali pale pale umekalia.

Kitu ambacho sitakubali ni paa. Usikate paa. Kuna mtu atakuambia weka dirisha la juu upate nafasi. Kwanza fremu ya hilo dirisha inakula inchi zile zile ulikuwa unatafuta. Pili, paa likikatwa halirudi kuwa lilivyokuwa. Na usimruhusu mtu yeyote apashe moto pedeli ya breki aipinde ili "ikufikie vizuri". Goti litapona. Breki ikikatika, hakuna kupona.

Hiyo ndio sheria yangu, na iko rahisi kukumbuka: kinachofunguliwa na spana, fanya leo. Kinachohitaji grinda, lala kwanza, halafu uamue. Paa, wacha.

Sasa niwaheshimu wanaopinga, kwa sababu si wote ni wabishi tu. Hoja yao kubwa ni kwamba gari za zamani zinaisha, na kila mtu akibadilisha yake, kesho watoto wetu hawatajua 1966 ilikuwa inakaaje. Hiyo hoja ina uzito. Lakini inategemea gari ni gani. Mwaka wa 1965 zilitengenezwa Shelby GT350 562 tu. Kama uko na moja ya hizo, mimi mwenyewe nitakuja nikuzuie usiguse hata ufunguo. Nunua gari nyingine ya kuendesha. Lakini Mustang za kawaida za 1966 zilitengenezwa zaidi ya laki sita. Na kuna kampuni Marekani zinauza bodi mpya nzima za Mustang za enzi hizo, zikiwa na kibali cha Ford. Hii si Sudan, yule faru wetu wa Ol Pejeta, kwamba alipoenda mwaka wa 2018 ndio basi.

Na historia yenyewe haiko upande wao. Watu wa miaka ya 1960 hawakuweka hizi gari kwa glasi. Ford waliuza Mustang na orodha ndefu ya vitu vya kuongeza, kila mteja ajichagulie yake: injini, gia, rangi, redio, viti. Ilikuwa gari ya kujitengenezea. Kijana wa 1966 aliyeona kiti hakimfai angekibadilisha na hakuna mtu angemuita muuaji.

Wengine mtauliza, "Lakini wewe unatuambia haya yote na hauna hata boda?" Ni kweli. Na sheria zetu za kawaida za kuingiza magari zinasema yasizidi miaka minane, kwa hivyo wengi wetu Mustang ya 1966 tutaiona kwa maonyesho na kwa simu tu. Lakini hii si mambo ya Mustang peke yake. Wangapi kati yenu mnaendesha gari ya mzazi mkiwa mmejikunja, na hamjawahi kugusa ile klipu ya kushusha kiti? Wangapi mmeinua kiegemeo cha kichwa kikafika kwa utosi? Fundi wetu wa viti hapa mtaani wanashona viti vya matatu usiku mmoja. Ukienda na vipimo vyako, watakufanyia kiti cha mwili wako. Shida ni kwamba tumefundishwa kuomba msamaha kwa urefu wetu badala ya kuuliza.

Narudi kwa mzee. Nikiondoka siku hiyo nilimwona akifuta vumbi kwa dashibodi na kitambaa, polepole, vile mtu hufuta picha ya marehemu. Na nikafikiria kijana yake. Huyo jamaa hajaikataa gari ya babake. Aliijaribu mara mbili. Mara mbili na mgongo ukimuuma, kwa sababu ya babake. Ni gari ndiyo ilimkataa, na mzee ndiye anashikilia spana.

Mzee, kama hii itakufikia: toa kile kiti. Kifunge vizuri kwa shuka, kiweke mahali pakavu, uandike 1966 juu yake. Hakiendi popote. Weka kingine kilicho chini, chenye mgongo mrefu na mkanda wa begani. Rudisha reli nyuma. Halafu mpigie kijana yako simu jioni moja umwambie tu, "Kuja uijaribu tena."

Akiketi, ngumi ikapita juu ya kichwa chake, na goti likatoka chini ya usukani, utakuwa umejua utamwachia nani.